Alaska: Uchumi ukipanuka, hazina haishibi

Kila ifikapo Oktoba, serikali ya jimbo la Alaska huwaingizia wakazi wake fedha benki: mzee na mtoto, tajiri na fukara, kila mmoja kiasi kilekile. Sharti ni uwe umeishi jimboni mwaka mzima uliotangulia, uwe na nia ya kubaki, na fomu yako iwe imefika kati ya Januari mosi na Machi 31. Mtoto mchanga naye hujaziwa fomu na mzazi wake. Mwaka 2022 kila aliyestahili alipata dola 3,284. Mwaka 2025 alipata dola 1,000. Majira hayo maduka ya Anchorage na Fairbanks hushindana kutangaza punguzo la bei, na mashirika ya ndege huuza tiketi za kukimbilia jua la Hawaii. Fedha zenyewe ni gawio la Mfuko wa Kudumu wa Alaska, akiba iliyotokana na mafuta ambayo sasa ina thamani ya zaidi ya dola bilioni 80, katika jimbo lenye watu wasiofika 750,000. Si ajabu kwamba kila nchi inapotangaza kugundua mafuta au gesi, hawakosekani wataalamu wa kuishauri ifanye kama Alaska.

Ushauri huo ni nusu ya habari. Alaska ilifaulu pale ambapo wengi wamekwama, yaani kuzuia utajiri wa mafuta usiliwe wote na kizazi kilichoukuta. Lakini katika miaka ileile ilipokuwa inaupanga Mfuko wake, ilifanya jambo la pili ambalo wasifiaji hulipita haraka: mwaka 1980 ilifuta kodi ya mapato ya watu binafsi, na hadi leo haina kodi hiyo wala kodi ya mauzo ya ngazi ya jimbo. Hapo ndipo penye kasoro. Kwa uamuzi huo jimbo lilijitenga na jasho la watu wake. Uvuvi ukistawi, watalii wakimiminika, migodi ikifunguliwa na familia mpya zikahamia, serikali huongezewa watoto wa kusomesha, barabara za kufagia theluji na wagonjwa wa kutibu, ila mapato yake hayaongezeki kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo dawa inayoandikiwa kila nchi ya mafuta, kwamba ipanue wigo wa uchumi wake isitegemee bidhaa moja, kwa Alaska haiponyi. Wigo umepanuka kweli. Hazina haikuambulia kitu.

Ili kuona mambo yalivyofika hapo inabidi kurudi kwenye ardhi. Marekani ilinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na kwa zaidi ya miaka 90 iliitawala kutoka Washington. Wakati wa kudai hadhi ya jimbo kamili, pingamizi kubwa lilikuwa la fedha: watu wachache vile, waliotawanyika katika eneo kubwa kuliko jimbo lolote, wangeilipaje serikali yao? Jibu la Bunge la Marekani lilikuwa kuliruhusu jimbo jipya kujichagulia zaidi ya ekari milioni 100 za ardhi ya serikali kuu, pamoja na madini yaliyomo. Alaska ikawa jimbo Januari 1959. Miaka michache baadaye mwanajiolojia wa jimbo, Tom Marshall, alishinikiza wachukue tambarare iliyoganda ya kaskazini, mwambao wa Bahari ya Aktiki, mahali ambapo wengi waliona hapana faida yoyote. Mwaka 1968 kampuni za ARCO na Humble zikatangaza kugundua mafuta Prudhoe Bay, ndani ya ardhi hiyohiyo. Septemba 1969 jimbo lilipiga mnada vitalu vyake na kukusanya dola milioni 900 kwa siku moja, mara kadhaa ya bajeti yake ya mwaka mzima.

Fedha hizo zilikwisha haraka. Zilijenga shule, zikalipia huduma ambazo vijiji havikuwahi kuwa nazo, na kuziita ubadhirifu mtupu ni kuwaonea waliozitumia. Lakini ziliacha hofu. Ndiyo maana mwaka 1976, bomba la mafuta likiwa bado linajengwa, wapiga kura waliridhia marekebisho ya katiba ya jimbo: angalau asilimia 25 ya mrabaha wa madini iwekwe katika Mfuko ambao mtaji wake hauguswi, na kinachoweza kutumika kiwe faida ya uwekezaji tu.

Bomba lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Lina kipenyo cha inchi 48 na urefu wa kilomita 1,287, kutoka Prudhoe Bay hadi bandari ya Valdez upande wa kusini, na liligharimu dola bilioni 8. Zaidi ya nusu ya urefu huo halikufukiwa. Limebebwa juu ya nguzo, kwa sababu mafuta hutoka ardhini yakiwa ya moto, na bomba lingelazwa kwenye udongo ulioganda tangu kale lingeuyeyusha na kuzama humo. Nguzo nyingi zina mirija ya amonia ambayo wakati wa baridi hunyonya joto lililo udongoni na kulitoa hewani, ili ardhi ibaki imeganda. Limejengwa kwa kupindapinda lipate nafasi ya kutanuka na kuyumba. Tetemeko la ukubwa wa 7.9 lilipopita chini yake Novemba 2002, halikupasuka. Wanaofuatilia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo mafuta yake mazito hulazimu kupashwa moto njia nzima, watatambua mara moja aina ya tatizo. Mwaka 1988 bomba la Alaska lilisafirisha mapipa takriban milioni 2 kwa siku. Leo hayafiki nusu milioni. Mtiririko unapopungua, mafuta hutembea polepole, hupoa njiani, na nta huganda kwenye kuta za bomba. Hazina ya jimbo imeshuka nayo.

Wazo la gawio, hata hivyo, halikutoka kwenye mafuta. Lilitoka kwenye samaki. Jay Hammond, rubani wa ndege ndogo na mvuvi wa Naknek aliyekuwa gavana kuanzia 1974 hadi 1982, aliwahi katika miaka ya 1960 kuongoza wilaya ya Bristol Bay, penye uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa samoni wekundu. Kila kiangazi mashua zilifika kutoka Seattle na kwingineko, zikavua, zikaondoka. Wilaya iliyokuwa imelala juu ya utajiri huo haikuwa na fedha za shule wala za mifereji. Hammond alipendekeza samaki watozwe kodi, na mapato yawekezwe katika mfuko ambao wakazi watakuwa na hisa zake. Wapiga kura walimkatalia. Alipopata ugavana alilihamishia wazo hilo kwenye mafuta. Ni vyema kukumbuka mpangilio wake wa awali: kwanza kodi inayomfikia mvuvi anayekuja na kuondoka, kisha mgawo kwa mkazi. Alaska ilichukua mgawo, kodi ikaiacha.

Hilo lilitokea mwaka 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa baada ya mapinduzi ya Iran, bomba lilikuwa limeanza kazi miaka 3 kabla, na hazina ilifurika. Waliotaka kodi ya mapato ifutwe walikuwa wameshaanza mchakato wa kulipeleka suala hilo kwenye kura ya wananchi. Bunge la jimbo halikusubiri, likaifuta. Hammond alitaka ipunguzwe tu, ibakie hata kwa kiwango kidogo, lakini akaweka saini shingo upande, na baadaye katika maisha yake aliutaja uamuzi huo kuwa miongoni mwa yale aliyoyajutia zaidi. Aliona kilichokuwa kinakuja. Mtu anayelipa kodi, japo ndogo, huuliza fedha zake zimekwenda wapi. Anayepokea tu huuliza mbona mwaka huu zimepungua. Gawio la kwanza, dola 1,000, lililipwa mwaka 1982, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuikataa sheria ya awali iliyowapa zaidi wale waliokaa jimboni miaka mingi. Dola 1,000 za wakati ule ni zaidi ya dola 3,000 za leo.

Sasa tazama sekta ambazo zingepaswa kuikomboa Alaska kutoka kwenye mafuta. Uvuvi uko hai. Zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa Marekani, kwa uzito, hutoka katika maji ya Alaska, na Dutch Harbor, bandari ya kisiwani katika mlolongo wa Aleutian, kwa miongo kadhaa imeongoza bandari za nchi hiyo kwa tani za samaki wanaoshushwa. Mwaka 2022 Bristol Bay ilivunja rekodi kwa samoni takriban milioni 79 waliorudi mitoni. Lakini katika viwanda vya kusindika samaki, karibu wafanyakazi wanne kati ya watano si wakazi wa jimbo. Huja kutoka majimbo mengine na kutoka ng'ambo, hulala kwenye mabweni ya kiwanda, hufanya zamu ndefu za msimu, kisha ujira wao wanaondoka nao. Wenye mashua wengi makao yao ni majimbo ya Washington na Oregon. Jimbo hutoza kodi ya biashara ya samaki, lakini nusu yake hurudishwa kwa serikali za miji samaki waliposhushwa, na kinachobaki ni kidogo hata kukigharamia kikamilifu kile ambacho jimbo linakifanya ili samaki hao waendelee kuwapo: kuwahesabu mitoni, kufungua na kufunga misimu, kulinda mipaka ya uvuvi.

Si uvuvi peke yake. Kwa ujumla wa sekta zote, zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano Alaska ni mtu wa kuja na kuondoka. Uwanja wa ndege wa Anchorage ni miongoni mwa viwanja vyenye mizigo mingi zaidi duniani, kwa sababu ndege inayotoka Asia kwenda Chicago ikijaza mafuta hapo katikati inaweza kubeba mzigo mwingi zaidi na mafuta kidogo. Biashara hiyo imeleta ajira za kweli, ila ada za kutua hubaki uwanjani kugharamia uwanja. Juneau, mji mkuu wenye watu 32,000 hivi na usiofikika kwa barabara kutoka popote, sasa hupokea abiria wa meli za kitalii zaidi ya milioni 1.6 kwa msimu mmoja. Mji wenyewe hufaidika, kwa kuwa una kodi yake ya mauzo ya asilimia 5 na hupata sehemu ya ada ya abiria. Jimbo ndilo linalolipa sehemu kubwa ya gharama za shule, chuo kikuu, magereza, polisi wa vijijini na vivuko, na katika vito vinavyouzwa gatini kwa mtalii wa Florida halipati senti ya kodi ya mauzo. Ni kweli kuna kodi ya makampuni na kodi ya migodi. Ukizijumlisha na nyingine zote zisizo za mafuta, bado ni ndogo ukizipima na mafuta na faida ya Mfuko.

Ajabu ni kwamba jibu la tatizo hili limo Alaska kwenyewe, limeandikwa kisheria, na linafanya kazi. Mwaka 1971, ili kufungua njia ya bomba, Bunge la Marekani lilimaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa asili kwa kuwapa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, si kwa makabila bali kwa mashirika ambayo wenyeji ndio wenye hisa. Kifungu kimoja cha sheria hiyo kinalitaka kila shirika la kanda ligawane na mengine asilimia 70 ya mapato yake ya maliasili. Shirika la NANA, la kaskazini magharibi, lina mgodi wa Red Dog, ulioanza kazi 1989 na unaoendeshwa na kampuni ya Teck, mmoja wa migodi mikubwa zaidi ya zinki duniani. Madini hulundikwa mwaka mzima kwenye maghala makubwa ya pwani, kisha husafirishwa katika siku 100 hivi za kiangazi bahari inapokuwa wazi bila barafu. Zinki ya NANA inapouzwa vizuri, mwenye hisa wa mto Yukon au wa visiwa vya kusini, ambaye hajawahi kuuona mgodi huo, anapata fungu lake. Huo ndio mfereji unaopeleka neema ya mahali pamoja kwenye mahitaji ya mahali pengine. Mashirika ya wenyeji yanao. Jimbo linalosifiwa duniani kwa hekima ya fedha halina.

Kwa miaka mingi upungufu huo haukuonekana, kwani mafuta yaliufunika. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya 30. Jimbo lilikuwa na akiba nyingine tofauti na Mfuko wa Kudumu, ya kuziba pengo la bajeti, yenye zaidi ya dola bilioni 10. Katika miaka isiyozidi 6 ikabaki bilioni 2 hivi. Mwaka 2016 wapimaji wa mikopo waliliondolea jimbo daraja lao la juu kabisa, na Gavana Bill Walker akatumia kura ya turufu kupunguza gawio karibu nusu, kutoka dola 2,072 za mwaka uliotangulia hadi 1,022. Alishtakiwa, mwaka 2017 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba gawio ni matumizi kama mengine, ambayo bunge na gavana wana haki ya kuyapunguza. Mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kurudisha kodi ya mapato, Seneti ikautupilia mbali. Walker alijitoa katika uchaguzi wa 2018, na aliyeshinda, Mike Dunleavy, alikuwa amewaahidi watu gawio kamili pamoja na yale waliyopunjwa nyuma.

Kilichofuata kilionyesha bei ya ahadi hiyo. Mwaka 2019 Dunleavy alikata dola milioni 130 kutoka ruzuku ya Chuo Kikuu cha Alaska, kabla ya kulegeza hadi milioni 70 kwa awamu ya miaka 3. Huduma ya vivuko, ambayo kwa miji mingi ya pwani ndiyo barabara, ilikatwa kiasi kwamba Cordova ilikaa miezi kadhaa ya baridi bila meli. Wananchi walianza kukusanya saini za kumwondoa gavana. Tangu sheria ya 2018, hazina huchota kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya wastani ya Mfuko, na fungu hilo katika miaka mingi limekuwa kubwa kuliko mapato ya mafuta kwenye bajeti ya kawaida. Yaani Alaska haiishi tena kwa mafuta kama inavyodhaniwa, inaishi kwa masoko ya hisa. Na kutoka chungu hichohicho hutoka mishahara ya walimu na gawio la Oktoba. Mwaka 2025 bunge lilipindua kura ya turufu ya gavana ili kuongeza fedha za shule, na mwaka huohuo gawio likawa dola 1,000, yaani idadi ileile ya 1982 kwa thamani isiyofika theluthi moja.

Wapo watakaosema ninalilaumu gawio bure, na katika baadhi ya hoja wako sahihi. Utafiti wa wachumi Damon Jones na Ioana Marinescu haukuona kwamba gawio limepunguza ajira kwa jumla. Kilichoongezeka ni kazi za saa chache. Wale waliotabiri jimbo la wavivu wamekosea. Vijijini, ambako mafuta ya kupasha nyumba joto hufika kwa tishari wakati wa kiangazi au kwa ndege na bei yake ni ya kutisha, gawio la familia ya watu 6 ni nguzo ya mwaka. Mimi nalikubali hilo lote, na ndilo linaloikaza hoja yangu. Kwa kuwa jimbo halina kodi ya mapato, kila linapopungukiwa chombo lililo nacho mkononi ni kukata gawio, na hiyo ndiyo kodi ya kikatili kuliko zote. Taasisi ya utafiti wa jamii na uchumi ya Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage ilionyesha mwaka 2016 kwamba kati ya njia zote za kuziba pengo, kukata gawio ndiko kunakowaumiza zaidi wenye kipato kidogo. Mama mwenye watoto 5 katika kijiji cha jirani na Bethel hupoteza mara 6. Bingwa wa ganzi wa Anchorage hupoteza mara 1, wala hatahisi. Mhandisi anayeishi Texas na kuruka kwenda Prudhoe Bay kwa zamu hapotezi chochote. Anayetaka kulitetea gawio ndiye angekuwa wa kwanza kudai kodi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema gawio ndilo lililouokoa Mfuko: bila watu 600,000 kuwa na maslahi ya moja kwa moja, wanasiasa wangeshauchota kama walivyozichota zile milioni 900. Mwaka 1999 wananchi walipoulizwa kama faida ya Mfuko itumike kuendesha serikali, zaidi ya asilimia 80 walisema hapana. Hammond mwenyewe alilibuni gawio kwa nia hiyo, na limelinda kweli. Ila kinacholinda mtaji ni katiba. Gawio hulinda faida, na hulinda dhidi ya kila matumizi bila kuchagua, la kipuuzi na la lazima. Mlinzi asiyetofautisha mwizi na mwalimu hatoshi. Kungekuwa na kodi ndogo ya mapato sambamba na gawio, mkazi huyohuyo angekuwa na sababu mbili za kuikodolea macho serikali badala ya moja, na zingevutana kwa namna inayomlazimu kupima.

Halafu kuna kauli inayorudiwa katika kila uchaguzi wa huko, kwamba kodi itawafukuza watu na biashara. Ingekuwa na uzito kama kutokuwa na kodi kungewavuta. Kwa zaidi ya miaka 10 mfululizo, kuanzia 2013, wanaohama Alaska kwenda majimbo mengine wamezidi wanaohamia, na kodi ya mapato ikiwa sifuri muda wote huo. Familia changa hazihesabu kodi peke yake. Huhesabu pia kama shule ya mtoto itabaki wazi mwakani, na kama kivuko kitakuja.

Linabaki tumaini la mafuta mapya, ambalo ndilo linalowafanya wanasiasa wa Juneau waahirishe jambo hili mwaka baada ya mwaka. Mradi mkubwa ni Willow wa kampuni ya ConocoPhillips, ulioidhinishwa na serikali ya Marekani Machi 2023, unaotarajiwa kufikia mapipa 180,000 kwa siku katika kilele chake. Tofauti na Prudhoe Bay, Willow hauko kwenye ardhi ya jimbo. Uko ndani ya hifadhi ya mafuta ya serikali kuu iliyotengwa tangu 1923, kwa hiyo mrabaha ni wa Washington. Nusu hurudi Alaska, lakini sheria inataka zianze kunufaika jamii za kaskazini zinazoguswa na uchimbaji, si hazina ya jumla wala Mfuko. Zaidi ya hayo, gharama za ujenzi zinakatwa kwenye kodi ya uzalishaji ambayo kampuni hiyo inadaiwa na jimbo kwa visima vyake vingine, hivyo katika miaka ya mwanzo Willow unapunguza mapato ya Alaska. Wajenzi wake husafirishwa kwa ndege, hukaa kambini majuma kadhaa, kisha hurudi makwao. Anayerudi Oregon hukuta mtoza kodi wa Oregon anamsubiri, na kodi ya mapato ya ujira alioupata kwenye barafu ya Alaska huilipa huko.